Sanamu za Mimea

Mmea una majina mengi kuliko mtu. Watu wa Bukavu na wa Lubumbashi husema muhogo. Mluba wa Kasai husema tshiombe. Mwenye kusema Kilingala husema nsongo, na mwenye kusema Kikongo husema dioko. Majani yake huitwa sombe huko Kivu, na pondu huko Kinshasa. Kwa muhogo hakuna shida, maana kila mtu aujua, na mbele ya sahani watu husikilizana upesi. Lakini iko mimea maelfu na maelfu isiyojulikana na kila mtu. Mmoja ni dawa, mwingine ni sumu, nao wafanana kama ndugu wa tumbo moja. Basi mwuguzi wa Kisangani akimwandikia mwenzake wa Kananga habari za mmea fulani, naye ataja jina la kijijini kwake tu, mwenzake atajuaje ni mmea gani?

Labda atajaribu kueleza kwa maneno. Ataandika: «Mmea wenyewe si mrefu, wafika kiunoni. Majani yake ni marefu kidogo, yana manyoya. Ua lake ni dogo, jeupe.» Yule mwenzake aichukue barua aende nayo porini. Kabla ya kufika mtoni atakuwa ameona mimea kumi ya namna hiyo. «Marefu kidogo» ni kadiri gani? Na manyoya yako juu ya jani ama chini yake? Maneno ya kueleza umbo ni machache, na maumbo ya majani ni mengi sana. Ndiyo sababu wenye kuchunguza mimea, tangu zamani za kale, walitaka kuichora.

Wagiriki walikuwa wa mbele katika kazi hiyo. Kiasi cha miaka 100 kabla ya kuzaliwa Kristo alikuwako mganga wao mmoja, jina lake Krateuas, aliyemtumikia Mithridates, mfalme wa Ponto. Yeye alipaka sanamu za mimea kwa rangi, na chini ya kila sanamu akaandika kazi ya mmea ule katika mwili wa mtu. Vitabu vyake vimepotea. Habari zake zapatikana kwa Pliny, Mroma aliyeandika kitabu kikubwa cha habari za viumbe, kiasi cha mwaka 77. Naye Pliny hakuzisifu sanamu zile. Alisema kwamba rangi za mimea ni nyingi mno, hata mpakaji hawezi kuzipata zote. Tena mmea hubadilika: ukichorwa wakati wa maua, mtu atakayeutafuta wakati wa mbegu hatautambua. Tena wenye kunakili vitabu huziharibu sanamu. Kwa hiyo, asema Pliny, waandishi wengine waliacha kuchora kabisa, wakaeleza kwa maneno tu, na wengine wakataja majina bila zaidi.

Neno lake la mwisho ndilo zito. Wakati ule hapakuwa na mashine ya kupiga chapa; kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono. Maneno yaweza kunakiliwa hata na mtu asiyeyafahamu vema, mradi ajue herufi. Sanamu sivyo. Wanafunzi waweza kujaribu jambo hili darasani. Mtoto wa kwanza achore jani la mpapai akilitazama lenyewe. Wa pili achore akitazama karatasi ya wa kwanza tu, jani lisionekane. Wa tatu atazame karatasi ya wa pili, na hivyo hivyo. Wakifika mtoto wa kumi, jani la mpapai litakuwa limegeuka mkono wa mtu, ama nyota, ama jogoo. Hakuna mtoto aliyedanganya. Kila mmoja aliacha kidogo na kuongeza kidogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa vitabu vya dawa kwa muda wa miaka zaidi ya elfu, na wagonjwa walikunywa dawa zilizotafutwa kwa sanamu kama hizo.

Kitabu kimoja cha zamani kimeponea, nacho ni cha ajabu. Dioskoride, mganga Mgiriki wa nyakati za Pliny, alikuwa ameandika habari za mimea ya dawa kiasi cha 600. Karibu na mwaka 512, katika mji wa Constantinople ambao leo waitwa Istanbul, kitabu chake kilinakiliwa kwa ajili ya binti wa kifalme, Anicia Juliana, na kutiwa sanamu za mimea karibu 400, kila moja ikijaza ukurasa. Nyingi ni nzuri hata leo mtu aweza kuutambua mmea mara moja. Kitabu hicho kilikaa mjini humo miaka zaidi ya elfu, kikapita mikononi mwa watu wa lugha mbalimbali. Pembeni mwa sanamu waliandika majina ya mimea kwa Kiarabu, kwa Kiebrania na kwa Kituruki. Majina yaliongezeka, sanamu ikabaki ile ile. Tangu mwaka 1569 kitabu chatunzwa mjini Vienna.

Mashine ya kupiga chapa ilipopatikana katika Ulaya, mambo yalibadilika. Sasa mchoraji alichora sanamu mara moja, fundi akaichonga katika ubao, na ubao ule ukapigwa wino na kutoa sanamu mamia, zote sawasawa, bila kuharibika mstari mmoja. Mwenye kitabu mjini Roma na mwenye kitabu mjini Paris walitazama jani lile lile. Yatosha kufikiri faida yake: watu wawili wasioonana kamwe waliweza kubishana juu ya mmea mmoja, kila mtu mezani kwake, na kusikilizana.

Mwaka 1530 kitabu cha namna hiyo kilipigwa chapa mjini Strasbourg, kazi ya Otto Brunfels. Mchoraji wake, Hans Weiditz, aliwekewa mimea mibichi mezani, akaichora kama alivyoiona. Lakini aliifuata kweli kupita kiasi! Jani lililonyauka alilichora limenyauka. Jani lililotobolewa na mdudu alilichora na tundu lake. Sanamu zake ni nzuri mno. Hata hivyo mtu atafutaye mmea hataki kujua kwamba siku ya Jumanne, miaka mingi iliyopita, mdudu alikula jani moja. Ataka kujua jani la mmea huo lilivyo sikuzote.

Mganga mwingine Mjerumani, Leonhart Fuchs, alilifahamu jambo hili. Mwaka 1542 alitoa kitabu chake mjini Basel, chenye sanamu zaidi ya 500. Wachoraji aliwakataza wasitie vivuli wala mapambo yanayoweza kuificha kweli. Mmea ulichorwa mzima, tangu mizizi hata ncha. Mahali pengine ua na tunda viliwekwa pamoja katika mti mmoja, ijapokuwa shambani havionekani siku moja. Mtu aweza kusema kwamba huo ni uongo. Sivyo. Ni mwaka mzima uliokusanywa katika ukurasa mmoja, na ndilo jibu la neno la Pliny juu ya mmea unaobadilika. Fuchs hakuwasahau wafanyakazi wake: mwishoni mwa kitabu aliweka sanamu za watu watatu pamoja na majina yao. Albrecht Meyer alichora mimea, Heinrich Füllmaurer alihamisha michoro juu ya mbao, na Veit Rudolf Speckle alizichonga. Zamani zile mafundi hawakupewa heshima ya namna hiyo mara nyingi.

Katika kitabu hicho mna mmea mmoja ambao mtoto yeyote wa Kongo atautambua bila mwalimu. Bua lake lasimama wima, majani ni marefu kama panga, juu pana ua kama ufagio, na katikati magunzi yenye punje zilizopangwa mistari mistari. Ni mahindi. Fuchs aliyaita «nafaka ya Kituruki», maana alidhani yametoka nchi za mashariki. Hapo alikosea. Mahindi yalitoka Amerika, yakaletwa Ulaya baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Jina lile la kosa halikufa. Hata leo Waitalia huyaita mahindi nafaka ya Kituruki. Wakongo nao waliyapa jina la safari yake. Katika kitabu cha Pigafetta cha mwaka 1591, kilichotungwa kwa habari za Mreno Duarte Lopes, imeandikwa kwamba watu wa ufalme wa Kongo waliyaita masa ma Mputu, yaani nafaka ya Ureno. Waturuki hawakuyaumba mahindi, wala Wareno. Majina yote mawili yapotosha. Lakini tazama: kama Fuchs angaliandika jina tu, watu wangalibishana mpaka leo ni nafaka gani ile. Jina lilikosa, sanamu haikukosa.

Isidhaniwe kwamba kila sanamu iliyopigwa chapa ni shahidi mwaminifu. Mbao za kuchonga zilikuwa za gharama, na wenye kupiga chapa waliziazima na kuziuza. Mwaka 1597 John Gerard alitoa London kitabu kinene cha mimea. Sanamu zake, karibu 1,800, karibu zote zilitoka katika mbao za zamani zilizokodiwa Frankfurt, na Gerard hakuijua mimea mingi iliyochorwa humo. Basi sanamu nyingi ziliwekwa chini ya majina yasiyo yake, hata mtaalamu mwingine, Lobel, aliitwa kuzisahihisha. Mwishoni mwa kitabu pana sanamu ya mti unaozaa bata bukini! Matunda yake ni kama kombe, na ndani ya kila kombe ndege hukua, akikomaa huanguka majini na kuogelea. Watu wa pwani za kaskazini walikuwa wameona makombe ya baharini yaliyoshikamana na magogo, na bata bukini waliokuja kwa makundi wakati wa baridi bila kuonekana mayai yao. Wakaunganisha mambo mawili. Ndege wale hutaga mayai yao mbali sana, katika nchi za barafu. Mti huo hakuna aliyeuona, lakini mchoraji aliuchora, na mbele ya sanamu wengi husadiki upesi.

Thomas Johnson alitengeneza kitabu kile upya mwaka 1633, akaondoa makosa mengi. Mwaka huo huo alipata mkungu wa ndizi kutoka visiwa vya Bermuda. Akautundika dukani mwake London, akautia katika kitabu pamoja na sanamu yake. Mtoto wa Beni atacheka kusikia kwamba mkungu wa ndizi ulikuwa kitu cha kutangazwa hivyo.

Bata bukini wa mtini wachekesha. Makosa mengine hayachekeshi. Katika Ulaya kuna mmea wenye maua ya zambarau yanayoning'inia upande mmoja wa bua, kila ua kama kastabini, kile kifuniko cha chuma avaacho fundi wa kushona kidoleni. Fuchs, katika kitabu kile cha 1542, aliuita kwa Kilatini digitalis, kwa sababu ya umbo hilo la kidole. Mmea huu una nguvu juu ya moyo wa mtu. Akitumia kidogo, moyo uliochoka hupiga vema zaidi. Akizidisha kidogo tu, hutapika, macho huona vitu vyote kuwa vya manjano, moyo hupiga polepole, na mwisho hufa. Tena katika mwaka wake wa kwanza digitali haina ua lolote. Ni fungu la majani tu chini, yenye manyoya, kama majani ya mmea mwingine uitwao komfri, ambao watu walizoea kunywa maji yake. Watu wamekufa kwa kuchuma majani ya digitali wakidhani ni komfri.

Mwaka 1775 mganga Mwingereza, William Withering, aliulizwa juu ya dawa ya mama mmoja mzee, iliyowaponya watu waliovimba mwili kwa maji. Dawa ile ilikuwa na majani ya namna zaidi ya 20 yaliyochanganywa. Withering, aliyeijua mimea sana, alitambua kwamba yenye kazi katika yote ni digitali. Miaka kumi alijaribu kwa uangalifu, akiandika habari za kila mgonjwa, waliopona na waliokufa, akitafuta kipimo kisichoua. Mwaka 1785 alitoa kitabu chake. Akaweka humo sanamu kubwa ya mmea, yenye rangi, na karibu nayo sanamu ndogo za viungo vya ua vilivyotenganishwa kimoja kimoja: nyuzi nne za kiume, mbili ndefu na mbili fupi, na vinginevyo. Sanamu ile aliipata kwa ruhusa katika kazi ya William Curtis, aliyekuwa akitoa kitabu cha mimea ya London. Hakuiweka kwa urembo. Kila mganga aliyesoma kitabu kile angeweza kumwua mgonjwa wake kwa jani lisilo lenyewe, ama kwa jani lenyewe lililopimwa vibaya. Juu ya kipimo Withering aliandika maneno. Juu ya jani, maneno hayakutosha. Kwani ukingo wa jani la digitali una meno madogo madogo, na ukingo wa komfri hauna. Mchoraji mwangalifu hayaachi meno hayo. Dawa za moyo za ukoo wa digitali zingali zatumika hospitalini.

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Mara nyingi mchoraji haupati mmea mbichi. Mtaalamu aliuchuma mbali, akaubana katikati ya makaratasi, akaukausha, akaubandika juu ya karatasi nene pamoja na kibandiko chenye jina la mahali, siku, na mtu aliyeuchuma. Mimea ya namna hiyo hutunzwa katika nyumba iitwayo herbario, nayo hudumu mamia ya miaka. Lakini imelala bapa kama kitambaa kilichopigwa pasi, na rangi imekwenda. Mchoraji huchukua ua moja kavu na kulitia katika maji yaliyochemka. Baada ya kitambo ua hulegea na kufunguka. Hulipasua kwa wembe mdogo, hulitazama kwa hadubini, huhesabu nyuzi za kiume, hutazama kifuko cha mbegu kina vyumba vingapi. Hupima kila kitu kwa bikari, kwa kuwa urefu wa kijiti kimoja waweza kutenga mmea na mwenzake. Huchora kwanza kwa kalamu ya risasi. Mtaalamu wa mimea huja, huinama juu ya karatasi, husema: «Manyoya haya hayaelekei juu, yaelekea chini.» Mchoraji hufuta, huanza tena. Mwisho hupitisha wino. Mahali penye kivuli hatii rangi. Huweka nukta ndogo ndogo kwa subira, hata jani laonekana limeviringika. Pembeni huandika kipimo, ili msomaji ajue ua limekuzwa mara ngapi. Sanamu moja yaweza kula siku nyingi.

Watu huuliza: Siku hizi foto hupigwa hata kwa simu, wachoraji wa nini tena? Foto ni nzuri, nayo yasaidia sana, hasa kwa rangi, na kwa kuonyesha mmea mahali ukaapo. Lakini foto huonyesha mmea mmoja, saa moja, chini ya jua la siku moja. Tawi lililo mbele hufunika lililo nyuma. Kivuli hufunika shina. Jani lililopasuka huonekana limepasuka, kama katika sanamu za Weiditz. Mchoraji huweza kulisogeza tawi bila kulivunja. Huweza kuweka ukurasa mmoja mzizi, ua lililopasuliwa, tunda na mbegu, kila kimoja kwa ukubwa upasao macho. Foto haichagui, mkono huchagua. Na ili mkono uchague vema, mwenye mkono hana budi kwanza kuufahamu mmea. Wataalamu wengi hukiri kwamba waliona jambo fulani katika ua siku ile tu walipolazimika kulichora.

Katika karne ya 18 elimu hii ilipata utaratibu. Carl Linnaeus wa Uswidi alipanga mimea katika mafungu 24, kwa kuhesabu hasa nyuzi za kiume za ua. Utaratibu huo kwa maneno ulikuwa mgumu kushika. Mwaka 1736, huko Leiden katika Uholanzi, Georg Ehret, mtoto wa mtunza bustani aliyejifunza kuchora, alichora mafungu yote 24 katika karatasi moja, na mtu aliyeitazama alielewa. Mwaka 1753 Linnaeus alitoa kitabu ambacho ndani yake kila mmea una jina la maneno mawili ya Kilatini, na majina ya namna hiyo ndiyo yatumikayo na wataalamu wa dunia yote hata leo. Mimea mingine hakuiona kamwe, wala mibichi wala mikavu. Aliona sanamu tu katika vitabu vya waliomtangulia, akaipa jina. Kwa mimea hiyo, sanamu ile ya zamani ndiyo shahidi wa jina: wakibishana, hurudi kuitazama. Tangu mwaka 1958 sheria ya wataalamu yadai kwamba mmea mpya uwe na shahidi aliyekaushwa, isipokuwa mara chache. Hata hivyo wenye kutangaza mmea mpya huweka sanamu pamoja naye.

Mara nyingine sanamu ilihitajiwa ili watu wakubali tu kwamba mmea uko. Mwaka 1859 Friedrich Welwitsch alikuwa akitembea katika jangwa la kusini mwa Angola, jirani ya Kongo. Akaona kitu kimelala mchangani, shina fupi pana kama meza, lenye majani mawili tu. Majani hayo mawili hayaanguki kamwe. Hukua maisha yote ya mmea, yaani mamia ya miaka, yakipasuka kwa upepo na kuonekana mengi. Yasemwa Welwitsch alipiga magoti akautazama, akiogopa kuugusa usije ukawa ndoto. Vipande vya mmea huo vilifika London, katika bustani ya Kew, na mwaka 1863 Joseph Hooker alitoa habari zake. Aliyechora sanamu ni Walter Hood Fitch, fundi aliyepigiwa chapa sanamu karibu 10,000 katika maisha yake. Kwa kutumia vipande vigumu, vikavu, vilivyochakaa, Fitch alionyesha shina, majani, na matunda yake madogo kama ya msonobari. Mmea uliitwa Welwitschia kwa heshima ya aliyeuona. Jarida ambalo Fitch alilichorea kwa miaka mingi, lililoanzishwa na yule Curtis mwaka 1787, lingali latoka.

Kuna jambo ambalo sanamu haliwezi. Muhogo mchungu na muhogo mtamu ni mmea wa jina moja la Kilatini. Mchoraji akichora jani la huu na jani la ule, meno na vidole na mishipa, hakuna herufi ya sumu itakayoonekana katika karatasi. Huko Kwango, walikokula muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, watu walipatwa na ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ghafula na hauponi. Mwaka 1938 mganga Trolli aliandika habari zake. Kuujua muhogo wa namna gani uko katika shamba lipi, hiyo ni elimu ya mama aliyeupanda, na maji ya kuloweka ndiyo dawa.

Lakini kwa mimea mingine ya Kongo, kazi ya kuchora imeendelea muda mrefu. Mwaka 1933 palianzishwa Yangambi, kandokando ya mto Kongo, chini ya Kisangani, chuo cha kuchunguza kilimo, na herbario yake ikakusanya mimea zaidi ya 100,000 iliyokaushwa. Mingine mingi iko Ubelgiji, katika bustani iliyohamia Meise karibu na Bruxelles. Kutokana na mikusanyo hiyo kitabu kikubwa cha mimea ya Kongo, Rwanda na Burundi kilianza kutoka mwaka 1948, sehemu baada ya sehemu, nacho bado hakijamalizika, kwa sababu mimea ni maelfu. Mtu aliyeleta tawi la kahawa ya msituni, kwa mfano, ilibidi lilinganishwe na yale yaliyotangulia. Kahawa iitwayo robusta ilipewa majina mawili matatu ya Kilatini karibu na mwaka 1900, na wataalamu mbalimbali, kila mtu akidhani ana mmea mpya. Baada ya kuweka ua kando ya ua na tunda kando ya tunda, iliamuliwa kwamba wote walikuwa na mti mmoja.

Katika kitabu hicho kurasa za sanamu ni nyeusi na nyeupe, wino mtupu. Tawi limekaa katikati, na kandokando yake ua lililopasuliwa, mbegu, kipande cha ukingo wa jani, kila kimoja na herufi yake. Chini kabisa, pembeni, mna maandishi madogo sana, hata mtu asiyetafuta hayaoni. Hapo ndipo mchoraji hutia jina lake.